Peremende za Bi Flashi

Kama umewahi kupiga picha ya kitambulisho katika mtaa ule, basi umeshavaa koti la Bi Flashi. Ni koti jeusi la kiume, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa studio pamoja na tai ambayo fundo lake halijafunguliwa tangu siku ilipofungwa. Mwanamume akiingia na fulana anavalishwa koti, anakazwa tai, anakalishwa kwenye stuli inayozunguka, na muda si mrefu anatoka akiwa na sura ya mkurugenzi wa benki. Fundi bomba anatembea na koti hilo kwenye pochi yake, muuza nyama analo, na kinyozi analo. Siku moja askari wa pale njia panda alisimamisha gari, akaikagua leseni ya dereva, akasema, "Hili koti nalifahamu," akamruhusu aende zake.

Vitu vingine vya studio ni vya kuhesabika. Kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji na bata maji wawili, mmoja wao mchoraji alimzidishia shingo. Kuna chanuo lililofungwa kamba ukutani, kwa sababu yaliyolitangulia yaliondoka mifukoni mwa watu waheshimiwa. Kuna stoo ndogo ya maua ya plastiki, nguzo za plasta na farasi wa mbao, na mlango wake uko ubavuni kabisa mwa mlango wa kutokea. Na juu ya kaunta kuna chupa kubwa ya kioo iliyojaa peremende nyekundu. Hizo ni za watoto wadogo wanaoangua kilio wakiona kamera. Mtoto mwenye peremende mdomoni hawezi kulia wala kusema, na Bi Flashi humpiga picha katika kipindi hicho kifupi cha amani.

Jina la Flashi hakulipata kwa sababu ya kamera, alilipata kwa sababu ya mdomo. Ulikuwa unawaka kabla hujajiandaa. Uliingia kutafuta picha nne za pasi, ukatoka unajua nani kaachana na nani, nani kanunua friji kwa ajili ya majirani tu, na kwa nini mke wa muuza nyama hali nyama. Na akisimulia hatii chumvi kidogo, anamimina. Mumewe, fundi redio mstaafu, ana sikio moja la kushoto lisilosikia. Mwenyewe anasema ni uzee. Mtaa unasema ni kwa hiari, maana wakikaa barazani daima yeye huchagua kukaa kuliani kwa mkewe, ili lile bovu ndilo limwelekee.

Sasa huyu mama, aliyeshindwa kunyamaza hata kwenye maombolezo ya mama mkwe wake, ndiye aliyekuja kumwokoa Mwalimu Breki kwa kunyamaza. Ukimwambia mtu anayemfahamu, atakucheka.

Mwalimu Breki alikuwa mwalimu wa udereva, mrefu, mkavu, mpole, na amewafundisha karibu wote wanaoendesha gari mtaani. Miaka mingi ya kukaa upande wa abiria, mguu ukiwa tayari juu ya ile breki ya mwalimu, ilimwachia ugonjwa wa ajabu: mtu akianza kuongea kwa kasi, mguu wake unakanyaga sakafu. Hata sebuleni. Hata kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Akiwa na Bi Flashi mguu huo haukupata likizo.

Bi Flashi naye alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya mtihani alianza kumsimulia mtahini kisa cha talaka fulani, mtahini akanogewa akasahau kumwambia apinde kona, na wote wawili wakajikuta nje ya mji hadithi haijaisha. Mtahini alimfelisha kwa aibu yake mwenyewe. Waliporudi, Bi Flashi alikaa kwenye usukani akalia kama mtoto. Mwalimu hakumwambia pole, hakumwambia ajaribu tena, hakumwambia lolote. Alizima injini akangoja. Alingoja hadi yule mama akamaliza kulia, akapenga kamasi, akaanza kucheka mwenyewe. Ndipo akawasha.

Miaka ikapita, mke wa Mwalimu akafariki, na mtaa ukazoea kumwona akitembea peke yake kwa hatua za polepole. Kisha akaanza kugawa vitu. Redio akampa fundi cherehani. Mwavuli mzuri wa mpini wa mbao akamletea mume wa Bi Flashi, akasema hauhitaji. Bi Flashi hakukaa na habari hiyo hata dakika moja. Akatangaza kwamba Mwalimu anaoa. "Mwanamume hatoi vyombo vya zamani bure," alimwambia kila aliyekalia stuli. "Kuna bibi harusi anakuja na vyake." Mtaa mzima ukaanza kungoja kadi ya harusi, na kinyozi akadai amemwona mchumba.

Asubuhi moja Mwalimu akaingia studio. Alikuwa amenyolewa vizuri, amevaa suti yake mwenyewe, ile aliyomwozesha nayo binti yake. Bi Flashi akapiga makofi.

"Ehee! Bwana harusi! Mimi nilisema, wakanibishia! Kaa hapa. Tunataka ngapi? Za kadi au za ukumbini?"

Mwalimu akatabasamu kidogo, mguu ukakanyaga sakafu. "Moja tu, Bi Flashi. Kubwa, ya ukutani. Na chini uniachie nafasi nyeupe."

Bi Flashi alikuwa ameshashika kamera, mkono ukabaki hewani.

Inabidi uijue kazi yake ili uelewe. Simu zimemaliza biashara ya picha. Harusi watu wanajipiga wenyewe, watoto wanajipiga wenyewe, hata chakula kinapigwa kabla hakijaliwa. Studio imebakiwa na mambo mawili, vitambulisho na misiba. Na picha ya msiba ina kipimo chake: kubwa, ya ukutani, na chini kunaachwa ukanda mweupe wa vidole vitatu, wa kuandikia jina na tarehe mbili. Bibi harusi hajawahi kuomba ukanda huo. Mwanasiasa hataki hata nukta ipungue usoni mwake. Wanaouomba ni ndugu wenye macho mekundu, na wanaomba kwa ajili ya mtu mwingine. Mwalimu Breki alikuja kujiombea mwenyewe, kwa miguu yake, suti imepigwa pasi.

Kisha akatoa mfukoni kile kibao chekundu cha herufi L kinachobandikwa kwenye gari la mwanafunzi, akakiweka kwenye kaunta. "Na hiki nimekuletea. Kitakukumbusha vituko vyako."

Yule mama hakuwa mjinga, alikuwa na mdomo tu. Redio, mwavuli, kibao, suti, nafasi nyeupe: vyote vikamjia kwa pamoja. Akaikumbuka ile harusi aliyoitangaza mtaa mzima. Akafanya kitu pekee alichokijua. Akapiga picha, akaitazama, akasema uongo.

"Umefumba macho, Mwalimu."

"Samahani."

Akapiga nyingine. "Umefumba tena." Akapiga nyingine. "Hapa umepiga chafya."

"Sijapiga chafya."

"Umeipiga kwa ndani, kamera inaona." Akapiga nyingine. "Hii nayo bata maji amekutokezea shingo sikioni. Sogea huku. Hapana, huku sana. Zunguka." Akamzungusha kwenye stuli hadi yule mzee akakamata kingo zake kwa mikono miwili. Alikuwa anataka jambo moja tu, asitoke. Alijua kabisa kwamba picha ikikamilika, mtu huyu hana shughuli nyingine iliyobaki.

Akasingizia betri, akajifungia stoo, akampigia simu mdogo wake ambaye ni muuguzi pale kituo cha afya. Akanong'ona, na mnong'ono wa Bi Flashi ni sauti ya kawaida ya watu wengine, kwa hiyo ikabidi afunike kichwa kwa shada la maua ya plastiki.

"Dada, nina wagonjwa," akasema mdogo mtu. "Kama ni umbea, jioni."

"Si umbea! Mwalimu Breki yuko hapa, anataka picha ya msiba. Ya kwake!"

Sauti ya upande wa pili ikabadilika. "Yuko na nani?"

"Na mimi."

"Vizuri. Usimwache peke yake. Na muulize."

"Nimuulize nini?"

"Kama anafikiria kujiua. Mwambie hivyohivyo, kwa maneno hayo, usizunguke."

"Wewe! Nikimtia wazo je?"

"Wazo analo, dada, wewe huwezi kumpa. Ukimuuliza unampa pa kulitua. Na ukishauliza, funga mdomo. Unanisikia? Nakufahamu. Funga. Natafuta mtu wa kunishikia zamu nije."

Bi Flashi akatoka stoo na swali likiwa kwenye ncha ya ulimi. Maishani mwake hakuwahi kukosa swali la kumuuliza mtu. Aliwahi kumuuliza kasisi mshahara wake. Hili likamshinda. Akamtazama Mwalimu ametulia kwenye stuli, mikono juu ya magoti, anangoja kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni, na woga ukamshika. Na alipoogopa akafanya kile anachofanya kila akiogopa, akaropoka.

"Haya, tena. Aa! Mwalimu, umefumba! Lakini haya macho yako yana nini? Macho mabovu haya ndiyo yananiharibia kazi!"

Uso wa Mwalimu ukabadilika kama taa iliyozimwa. Akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Kumbe hata wewe umeyaona," akasema. "Basi. Acha hiyo picha."

Akageuka kwa heshima zote, akatembea wima, akafungua mlango, akaingia stoo, na kuufunga nyuma yake.

Kikafuata kishindo. Ilianguka nguzo ya plasta, likafuata kapu la maua, halafu kitu cha bati ambacho hata Bi Flashi hakukumbuka kama anacho. Na yeye, Mungu amsamehe, akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akajishika mbavu, akasubiri Mwalimu atoke naye acheke. Mwalimu hakutoka. Mlango wa stoo ni wa kahawia na mlango wa nje ni wa kioo, mchana kweupe, umbali wa mkono mmoja. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Akafungua. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya farasi wa mbao wa watoto, magoti yamefika kidevuni, ua la njano limenasa sikioni, machozi yanamtiririka bila sauti.

Bi Flashi akavuta kreti tupu akakaa mbele yake, akausukuma mlango nyuma yake.

"Mwalimu," akasema, "unafikiria kujiua?"

Kwa mara ya kwanza aliuona mguu wa Mwalimu umetulia kabisa.

"Nani amekuambia?"

"Nafasi nyeupe. Na mwavuli. Na hicho kibao."

Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja. "Na nikikujibu? Nikuambie wewe, Bi Flashi? Si bora nipande juu ya gari la matangazo nizunguke sokoni?"

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akafungua mdomo ajitetee, akamkumbuka mdogo wake. Akafunga. Akafungua tena. Akaona wazi kwamba mdomo huu haufungiki kwa nia njema peke yake. Akanyanyuka, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke TUMEFUNGA, akarudi na ile chupa ya peremende, akaipakata.

"Naweka hii mdomoni," akasema. "Sisemi mpaka uniruhusu. Nikisema, nipige na hilo ua lililoko sikioni kwako."

Mwalimu akapapasa sikio, akalikuta ua. Akalishika mkononi kama fimbo. Na pengine ni kwa sababu ya upuuzi wa jambo lenyewe, mtu mzima juu ya farasi wa watoto na mama mtu mzima na shavu limevimba kwa peremende, ndiyo maana akaanza kusema.

Alianza na vioo. Kwamba kioo cha pembeni cha gari kilianza kuwa na ukungu na yeye akawa anakifuta kila asubuhi, hadi siku alipogundua kuwa ukungu hauko kwenye kioo. Bi Flashi alitaka kusema miwani siku hizi ni rahisi kupata. Akanyonya peremende. Mwalimu akasema daktari alimwambia mwanga unapungua kutoka pembeni kuja katikati na kilichokwisha kupotea hakirudi. Bi Flashi alitaka kumtajia mtu anayemfahamu asiyeona kabisa na anaimba kwaya. Akanyonya. Mwalimu akasema aliendelea kufundisha kwa kuficha, mpaka msichana mmoja mwanafunzi akakanyaga breki mwenyewe kwa ajili ya mwendesha baiskeli ambaye yeye mwalimu hakumwona hata kivuli. "Mimi," akasema. "Breki. Mwanafunzi ndiye aliyefunga." Siku hiyohiyo akarudisha ufunguo wa gari na hakumwambia mtu kwa nini.

Peremende ya kwanza ikaisha, Bi Flashi akatia ya pili. Nje mtu akagonga kioo, akachungulia, akaondoka.

Mwalimu akasema jioni mkewe alikuwa akimsomea gazeti kwa sauti na kulitolea maoni, na sasa nyumba haina maoni. Akasema binti yake aliye mji mwingine anamwita akaishi kwao, katika vyumba viwili na watoto wanne. "Nitakuwa kabati, Bi Flashi. Watu watakuwa wananizunguka wakipita." Hapo yule mama alikuwa na maneno mengi yaliyopangana mlangoni kama abiria: shukuru Mungu, una afya, wenzako wana mabaya zaidi, fikiria wajukuu. Yote ni maneno ambayo amewahi kuambiwa yeye mwenyewe, na yote yalimwacha na hamu ya kumrushia msemaji kiatu. Akatia peremende mbili kwa mpigo.

Likamjia lile gari la mafunzo, na yeye akilia juu ya usukani, na mtu huyuhuyu pembeni yake asiyesema kitu. Kumbe ndivyo inavyokuwa upande wa pili. Inachosha kuliko kuongea. Inauma mabega. Akabaki amemtazama usoni na hakutazama saa.

Maneno ya Mwalimu yalipokauka, Bi Flashi akainua kidole kuomba ruhusa. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

"Umeshapanga namna?" akauliza, kama ambavyo mdogo wake angeuliza.

Mwalimu akamwambia. Nasi hapo tunapita bila kusimama. Inatosha kujua kwamba kulikuwa na kitu nyumbani, kabatini, alichokiweka tayari.

Bi Flashi akasema jambo, lakini peremende zilikuwa tatu na hakueleweka.

"Nini?" akauliza Mwalimu.

Akazitema kiganjani. "NIMESEMA SITAKI UFE!"

Aliisema kwa sauti ile ya asili, ile ambayo Mungu alimpa na hakumpa ya akiba. Stoo nzima ikatetema. Kwenye duka la dawa la jirani mtu akadondosha kitu. Mguu wa Mwalimu ukakanyaga sakafu kwa nguvu zote, farasi wa mbao akayumba, na Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kibovu, kilichochanganyika na kilio, lakini kilikuwa kicheko. Bi Flashi akalia waziwazi, midomo na ulimi vimekuwa vyekundu kama vya mtoto wa sikukuu.

"Nimefurahi umeniambia," akasema alipopata pumzi. "Na nisikudanganye, hili siwezi kulibeba peke yangu. Mdogo wangu yuko njiani. Binti yako lazima ajue, tena umwambie wewe, mimi nikiwa pembeni. Mume wangu atakwenda nawe nyumbani akakichukue hicho kitu. Nje ya hao, wakinichinja sisemi."

"Wewe?"

"Mimi."

Mwalimu akamtazama kwa yale macho yake yaliyobaki. "Nipe na mimi peremende," akasema.

Muuguzi alipofika aliwakuta wote wawili wananyonya. Akachuchumaa, akazungumza na Mwalimu kwa upole na bila haraka, akampeleka mwenyewe kwa daktari wanayemwamini wa mambo haya. Mume wa Bi Flashi aliposimuliwa hakuulizia kitu mara mbili. Sikio lake lilipona siku hiyo kwa muda wote uliohitajika. Akaenda nyumbani kwa Mwalimu, akakiondoa kile kitu, na akautumia mwavuli wake kama kisingizio cha kulala huko: mvua itanyesha, alisema, na anga lilikuwa jeupe. Binti akafika na basi la kesho yake.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini mtaa una macho. Watu waliomwona Bi Flashi akifunga studio mchana wakahesabu moja na moja. Mwanamume mjane, suti, amejifungia stoo na mke wa mtu, sauti zimesikika hadi duka la dawa, na mama ametoka midomo imeiva rangi! Kinyozi akaapa kwamba ndiye yule mchumba aliyemwona siku zile. Habari ikazunguka, ikanenepa, ikamrudia mwenyewe ikiwa na mtoto njiani, na yeye umri huo alikuwa ameshautupa mbali.

Na Bi Flashi akanyamaza. Yeye ambaye hajawahi kuachia habari ipite bila kuirekebisha, alikaa nyuma ya kaunta na kumeza. Wakamuuliza kwa mafumbo, wakamuuliza kwa wazi. "Tulikuwa tunakula peremende," akawajibu, na hilo likafanya mambo yawe mabaya zaidi. Wanawake wawili aliowahi kuwapaka matope wakaja kupiga picha wasizozihitaji ili tu wamwone anavyotaabika. Akawavalisha shela, akawapiga, akawaaga. Jioni alijifungia chumbani akamlalamikia mumewe hadi sauti ikakauka, na yule mzee akamgeuzia sikio lililo zima akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akakohoa. "Mke wangu mzinzi," akasema. "Nani angenipa heshima hii uzeeni?"

Mwalimu hakupona kama homa inavyopona. Alikuwa na siku nzuri, na siku ambazo alikaa studio tangu asubuhi bila kusema neno, na Bi Flashi akasogeza chupa ya peremende karibu naye akaendelea na kazi. Alikwenda kwa daktari wake kila alipotakiwa. Matone ya macho yakapunguza kasi ya giza, hayakurudisha mwanga. Lakini akaanza kufundisha alama za barabarani pale pale kwenye stuli, maana hizo anazijua kichwani, na wanafunzi wakawa wanazungushwa kushoto na kulia mbele ya bata maji. Ni hapo siku moja aliposikia mwanafunzi akimnong'oneza mwenzake kuhusu "yule mama na mzee wake."

Akaenda kwa kinyozi, saa ambayo kiti hakikosi foleni. Akapapasa mlango, akaingia, akasimama katikati.

"Siku ile nilitaka kujiua," akasema. "Yule mama alinikalisha juu ya farasi wa mbao akanisikiliza mpaka nikaacha. Alijua akinyamaza mtamchafua, akanyamaza. Kuna mwenye swali?"

Mashine ya kunyolea ikabaki inaunguruma hewani. Mwalimu alipotoka, fundi cherehani akamfuata hadi nje, akamshika mkono, akamwambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba na yeye kuna siku huwaza hivyo. Mwalimu hakumwambia pole. Akasimama naye kando ya barabara, akangoja.

Bi Flashi alipopata habari kwamba Mwalimu ametangaza mwenyewe, alikasirika. "Mimi nimeiweka miezi yote hii, nimechafuka, wewe unaimwaga kwa kinyozi? Kwa kinyozi! Hata kusimulia hajui!"

"Basi uisimulie wewe," Mwalimu akamwambia. Na tangu siku hiyo ameisimulia kila siku, na kishindo cha stoo kimefikia nguzo saba.

Juzi Mwalimu alikuja na shughuli rasmi. Alihitaji picha mbili ndogo kwa ajili ya kadi ya wasioona vizuri ya kupandia mabasi, aweze kwenda kwa binti yake na kurudi bila usumbufu. Hakuvaa suti. Akalitungua koti jeusi kutoka kwenye msumari kwa kupapasa, akalivaa, akajikaza tai, akakaa.

"Kadi yenyewe inadumu muda gani?" Bi Flashi akauliza, akirekebisha taa.

"Miaka mitano."

"Mitano! Utakuwa umekunjamana, hata hamtafanana na hii picha."

"Ikiisha nitarudi unipige nyingine," akasema Mwalimu, kawaida tu, kama mtu anayezungumzia kunyoa nywele.

Bi Flashi alikuwa na neno, alikuwa na maneno mia. Akanyoosha mkono kwenye chupa, akatia peremende mdomoni, akapiga picha. Akaitazama. Safari hii Mwalimu alikuwa amefumba macho kweli. Hakumwambia, akapiga nyingine.